Bendi Iliyozimwa na Masikio

Tarehe 1 Aprili 1979, wanamuziki watatu walipanda jukwaa la Modern Theatre, jumba kuukuu katikati ya mji wa Boston, wakapiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu kwa jina la Mission of Burma. Roger Miller alishika gitaa, Clint Conley alishika besi, Peter Prescott alikaa nyuma ya drams. Kufikia Machi 1983 bendi hiyo ilikuwa inaaga. Katika muda huo ilitoa santuri zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na nje ya Boston mara nyingi ilipiga mbele ya watu wachache sana. Lakini anayetaka kueleza namna roki ya Marekani ilivyotoka kwenye panki ya miaka ya 1970 hadi kwenye ile roki mbadala iliyoenea duniani baada ya 1991, hawezi kuiruka bendi hii.

Haikuvunjika kwa ugomvi. Haikuvunjika kwa dawa za kulevya wala kwa kukauka nyimbo. Ilizimwa na masikio ya mpiga gitaa wake.

Jina lilitoka kwa Conley. Alikuwa New York, akaona kibao kwenye jengo la wanadiplomasia wa Burma, akalipenda lile neno na uzito wake. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia Burma huenda akawakumbuka wazee wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa kupigana na Wajapani kwenye misitu ile mwaka 1944, au soko la Burma kule Nairobi. Bendi hii haikuwa na uhusiano na vita wala na nchi yenyewe. Ilitaka jina lenye kiza kidogo, lisilomweleza msikilizaji aina ya muziki atakaosikia.

Boston ya wakati ule ilikuwa mahali pazuri pa kuanzia jambo la namna hii. Ni mji wa wanafunzi. Harvard na MIT viko ng'ambo ya mto, Cambridge. Upande wa pili kuna Boston University, Emerson, Boston College na vyuo vingine vingi. Vyuo hivyo vilikuwa na vituo vyao vya redio, na vituo hivyo viliendeshwa na wanafunzi wasiokuwa na mwenye matangazo wa kuwashika shingo. Redio kubwa za biashara zilicheza nyimbo zilezile zilizoletwa na kampuni kubwa. Redio za vyuo zilicheza kanda iliyoletwa mkononi na kijana wa mtaa wa pili. Zaidi ya hapo kulikuwa na baa na kumbi ndogo, mashuhuri kuliko zote ikiwa Rathskeller ya Kenmore Square, ambayo kila mtu aliiita The Rat. Huo ndio muziki wa chini kwa chini kwa maana yake halisi: haukukatazwa na mtu, ila hakuna mwenye fedha aliyeujali, na walioujua waliupata kwa kuambiana.

Kampuni kubwa nazo zilikuwa na shida zao. Mwaka 1979 mauzo ya santuri Marekani yalishuka ghafla baada ya miaka ya neema, na watu wa kampuni hizo hawakuwa na hamu ya kubahatisha na bendi yenye kelele ambayo hata wenyeji wake walishindwa kuieleza.

Miller alizaliwa mwaka 1952 na kukulia Ann Arbor, Michigan. Hilo si jambo dogo. Ann Arbor na jirani yake Detroit ndiko walikotoka MC5 na The Stooges, bendi mbili zilizokuwa zikipiga roki kwa ukali wa panki miaka kadhaa kabla neno panki halijashika. Akiwa kijana, Miller aliunda bendi na wadogo zake wawili, Sproton Layer, wakarekodi mwaka 1970 nyimbo ambazo zilikaa bila kutolewa kwa takriban miongo miwili. Baadaye alisomea muziki, piano na utunzi. Kwa hiyo alikuwa mtu wa pande mbili: kelele za Stooges zilikuwa kwenye damu, na watunzi wa karne ya 20 walikuwa kwenye daftari lake. Alipohamia Boston aliingia kwenye bendi iitwayo Moving Parts, akakutana humo na Conley. Moving Parts ilipovunjika mwishoni mwa 1978, wawili hao wakabaki pamoja, wakaanza kutafuta mpiga drams. Prescott, aliyekuwa akipiga na bendi nyingine ya Boston, The Molls, ndiye aliyepata nafasi.

Walikuwa watunzi wawili wasiofanana hata kidogo, na nguvu ya bendi ilianzia hapo. Conley alikuwa na sikio la wimbo unaoshikika, wenye kiitikio ambacho umati unaweza kukidaka mara ya pili ukikisikia. Miller aliandika vitu vilivyopinda, vyenye kona za ghafla na mipigo inayokatika pale usipotarajia. Prescott aliongeza nyimbo zake chache, na drams zake hazikukaa nyuma kumsindikiza mtu. Zilisukuma na kubishana. Wote watatu waliimba, na kwenye viitikio walipiga kelele kwa pamoja, sauti zikigongana.

Mtu wa nne hakuonekana jukwaani, na kazi yake inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoitofautisha bendi hii na bendi mia nyingine za gitaa.

Aliitwa Martin Swope. Alikaa mwisho wa ukumbi, penye meza ya fundi mitambo, akiwa na mashine ya kurekodia ya yale magurudumu mawili ya kanda. Bendi ilipokuwa inapiga, Swope aliteka sekunde chache za kile kilichokuwa kinatoka jukwaani, tuseme mkwaruzo wa gitaa au ukelele wa Prescott. Kipande hicho alikifanya kitanzi kinachozunguka na kujirudia, akabadili kasi yake au akakipiga kinyumenyume, kisha akakirudisha kwenye spika za ukumbi, wimbo ukiwa bado haujakwisha. Msikilizaji aliyesimama mbele aliona watu watatu na vyombo vitatu. Alichosikia kilikuwa zaidi ya hapo: mlio wa gitaa uliokwisha nusu dakika iliyopita ulirudi ukiwa umenyooshwa kama mluzi, sauti ya mtu ilizunguka juu ya vichwa vya watu na hakuna kinywa jukwaani kilichokuwa wazi. Wengi walirudi nyumbani wakidhani ni Miller na maajabu ya gitaa lake.

Kucheza na kanda hakukuwa kugeni. Pierre Schaeffer alianza kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa huko Paris mwaka 1948, na Brian Eno aliichezea milio ya bendi yake, Roxy Music, kutoka kwenye mitambo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilichokuwa kipya ni kuiingiza kazi ya maabara ndani ya bendi ya baa, usiku kwa usiku, pasipo mazoezi ya kutosha kujua kitakachotokea. Kuna usiku ilikuwa ajabu. Kuna usiku ilikuwa vurugu tupu, na wanabendi wenyewe hawakuficha kwamba maonyesho yao yalikuwa yakipanda na kushuka. Mimi naona hilo lilikuwa gharama ya haki. Bendi isiyokubali kuharibikiwa mbele za watu isingeweza kugundua ilichogundua.

Kama si Rick Harte, huenda haya yote yangebaki kwenye kumbukumbu za watu waliokuwapo. Harte alikuwa kijana wa Boston aliyeanzisha lebo ndogo, Ace of Hearts, na alikuwa na tabia moja ambayo lebo ndogo za siku zile hazikuwa nayo: alichukua muda. Wakati wengine walirekodi kwa siku moja na kufungia santuri kwenye karatasi iliyotolewa fotokopi, Harte alirudia kuchanganya sauti mpaka aridhike, na akataka hata majalada yawe ya kupendeza. Mwaka 1980 alitoa singo ya kwanza ya Mission of Burma, upande mmoja Academy Fight Song wa Conley, upande wa pili Max Ernst, wimbo wa Miller kuhusu yule mchoraji Mjerumani. Redio za vyuo za Boston ziliishika singo hiyo na kuicheza kana kwamba ni mali ya mji.

Mwaka uliofuata ikaja Signals, Calls, and Marches, santuri ya nyimbo sita. Inafunguka na That's When I Reach for My Revolver, wimbo wa Conley ambao mpaka leo ndio unaojulikana kuliko zote walizopiga. Unaanza kwa utulivu, mashairi yanajengeka polepole, kisha kiitikio kinalipuka. Mpangilio huo wa kimya na mlipuko ulikuja kuwa karibu sheria ya roki mbadala miaka kumi baadaye. Wa mwisho katika sita hizo, All World Cowboy Romance, hauna maneno kabisa, na ndani yake milio ya Swope inasikika bila kufichwa na sauti ya mwimbaji. Harte alisafisha sauti ya bendi kuliko ilivyokuwa jukwaani, na wapo waliolalamika kwamba makali yamepungua. Lakini kwa usafi huo nyimbo zilisikika vizuri hata kwenye redio hafifu ya chumba cha bweni, na huko ndiko walikokuwa wasikilizaji wake.

Walipotoka nje ya Boston mambo yalikuwa mengine. Tukumbuke hali ilivyokuwa. MTV ilianza kurusha matangazo Agosti 1981 na ilitaka sura na mavazi. Redio za biashara zilikuwa zimefungwa. Zile njia ambazo bendi za chini kwa chini zilikuja kuzipita miaka michache baadaye, yaani mji hadi mji, ukumbi unaojulikana, mtu wa kuwapa pa kulala, duka la santuri lenye kazi zao, kipindi cha redio cha usiku, zilikuwa ndiyo kwanza zinachimbwa. Mission of Burma walisafiri kwa gari maelfu ya kilomita kwenda kupigia watu kumi, na mara nyingine wahudumu wa baa walikuwa wengi kuliko wateja. Muziki wao pia haukuwa na kabila. Mashabiki wa panki kali, wale vijana wa hardcore waliokuwa wanachipukia Boston na Washington, waliwaona wasomi mno. Wasomi wa sanaa waliwaona wana kelele mno. Wapenda dansi hawakuwa na pa kushika.

Albamu yao, Vs., ilitoka 1982 ikiwa na nyimbo 12. Safari hii Harte aliacha vumbi libaki. Walirekodi kwa namna iliyokaribia maonyesho yao, na unasikia chumba kikitetemeka. Trem Two ni wimbo wa Miller ambao karibu wote umesimama juu ya mtikisiko wa gitaa, kama hewa ya barabara ya lami wakati wa jua kali. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yao kubwa, na ni mojawapo ya albamu bora za roki za muongo ule wote, hata zikiwekwa zile zilizouza mamilioni. Haikuuza mamilioni. Ilipofika madukani, mwisho wa bendi ulikuwa umekaribia, na waliojua sababu walikuwa wachache.

Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu vidogo, kuna mrija uliojikunja kama konokono, umejaa maji. Humo zimo seli zipatazo 15,000 kwa kila sikio, zenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinyweleo vinainama, na ishara inapelekwa kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno kwa muda mrefu, vinyweleo vinalala, na seli zikichakazwa vya kutosha zinakufa. Ndege na samaki wana uwezo wa kuotesha seli mpya za aina hii. Binadamu hana. Zikifa zimekufa, na mara nyingi ubongo uliozoea kupokea ishara kutoka kwao hujaza pengo kwa mlio wake wenyewe, mluzi au mvumo usiokuwapo chumbani na usionyamaza usiku wala mchana. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Piga hesabu: ikifika desibeli 100, una robo saa. Bendi ya roki kwenye ukumbi mdogo huvuka hapo bila taabu, na anayesimama karibu na amplifaya kuliko wote ni mpiga gitaa mwenyewe.

Miller alianza kusikia milio hiyo, na kila ziara iliiongeza. Kwa kuwa alikuwa mwanamuziki aliyesoma, alijua hata ni noti gani zinazolia kwenye sikio lipi, na noti hizo ziliongezeka. Ni mateso ya pekee kwa mtunzi: kila anapokaa kimya kusikiliza wimbo unaotaka kuja kichwani, kuna sauti nyingine imeshakalia nafasi. Alianza kuziba masikio kwa vizibo vya sponji. Havikutosha. Juu ya vizibo akavaa vikinga sikio vikubwa, vile vinavyovaliwa na watu kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Picha za miezi ile ya mwisho zinamwonyesha jukwaani akiimba na gitaa mkononi huku kichwa kimebanwa na vile vikombe viwili, na mtu asiyejua angedhani ni mbwembwe za onyesho.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakupunguza sauti tu. Jibu limo kwenye muziki wenyewe. Gitaa la umeme likipigwa kwa sauti ya chini hutoa noti ulizozipiga. Likipandishwa mpaka amplifaya inalemewa na spika zinairudishia nyuzi mtikisiko wake, noti huanza kuzaa noti nyingine juu yake, zinagongana, zinavuma, zinajitengenezea wimbo ambao kidole hakikuupiga. Miller alitunga kwa kutumia milio hiyo ya juu. Swope alilisha kanda zake kwa milio hiyohiyo. Ukiondoa ukubwa wa sauti unabaki na mifupa. Walichokuwa wanakipenda watu katika Mission of Burma ndicho kilichokuwa kinakula masikio ya mtu aliyekitengeneza.

Aliwaeleza wenzake mwanzoni mwa 1983 kwamba hawezi kuendelea. Mwaka huo alitimiza umri wa miaka 31. Hakukuwa na shutuma wala mashtaka ya kugombea jina la bendi. Wakakubaliana kuaga kwa heshima, wakafanya ziara ya mwisho, na Harte akarekodi. Maonyesho ya kuaga Boston yalifanyika tarehe 12 Machi 1983 kwenye ukumbi wa hoteli ya Bradford. Rekodi za ziara ile zilitolewa 1985 kwenye albamu ya moja kwa moja, The Horrible Truth About Burma. Humo wanapiga pia wimbo wa The Stooges, 1970, na kwa Miller huko kulikuwa kurudi Ann Arbor.

Mwezi mmoja baada ya Bradford, Aprili 1983, bendi ya vijana wa Athens, Georgia, iitwayo R.E.M. ilitoa albamu yake ya kwanza, Murmur, na redio za vyuo vya nchi nzima zikaibeba. Mwaka 1984 Hüsker Dü wa Minnesota wakatoa Zen Arcade. Barabara ambayo Mission of Burma walisaidia kuichimba ikawa inapitika, nao hawakuwapo kuipita. R.E.M. hawakuwasahau, walikuja kuupiga Academy Fight Song kwenye maonyesho yao wakiwa tayari bendi kubwa.

Wanabendi wakatawanyika, kila mmoja na riziki yake. Prescott aliunda Volcano Suns na kuendelea na kelele. Conley alitengeneza albamu ya kwanza ya bendi ya Yo La Tengo, iliyotoka 1986, kisha akaweka besi chini kwa miaka mingi na kwenda kuwa mtayarishaji wa vipindi vya televisheni hapo Boston. Miller na Swope waliendelea na Birdsongs of the Mesozoic, kikundi cha muziki usio na maneno ambamo Miller alishika piano badala ya gitaa, na baadaye Miller akajiunga na Alloy Orchestra, watu watatu waliokuwa wakitunga na kupiga muziki wa kusindikiza filamu za kale zisizo na sauti. Swope alihama Boston, akaenda kuishi Hawaii.

Santuri zao zilibaki. Mwaka 1988 kampuni ya Rykodisc ilikusanya kazi zao kwenye CD moja iliyojazwa karibu dakika 80, kiasi ambacho CD za siku zile hazikuzoea kubeba, na kizazi kilichokuwa chekechea wakati wa The Rat kikaanza kuwasikia. Bendi ya Nirvana ilipovunja milango mwaka 1991 na waandishi wakaanza kuuliza haya yalitoka wapi, jina la Mission of Burma lilikuwa linarudi kila mara. Mwanamuziki Moby alirekodi upya ule wimbo wa Conley wa bastola, That's When I Reach for My Revolver, mwaka 1996. Mwaka 2001 mwandishi Michael Azerrad alichapa kitabu chake juu ya bendi 13 za chini kwa chini za Marekani, Our Band Could Be Your Life, akaipa bendi hii sura nzima. Wasomaji wengi wa sura ile hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wadogo sana, bendi ilipovunjika.

Januari 2002 walirudi jukwaani, New York na Boston, karibu miaka 19 tangu Bradford. Walikusudia maonyesho machache tu. Tiketi zikaisha. Swope hakurudi, kazi ya kanda aliichukua Bob Weston, mpiga besi wa Shellac aliyewahi kuwa Volcano Suns pamoja na Prescott. Miller alirudi na vikinga sikio vyake, na safari hii bendi ilipanga jukwaa kwa akili: drams ziliwekewa kizuizi cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na amplifaya ya gitaa ikasogezwa mbali na kichwa cha mwenyewe. Kelele ziliwaendea watu, naye akabaki salama kiasi alichoweza.

Kisha wakafanya jambo ambalo bendi zinazorudi huwa hazifanyi: walitunga nyimbo mpya, na zilikuwa nzuri. ONoffON ilitoka 2004, The Obliterati 2006, The Sound the Speed the Light 2009, Unsound 2012. Ni albamu nne za studio, wakati ujana wao ulizaa moja. Mwaka 2009 jiji la Boston liliwatangazia siku yao rasmi. Nimesoma wahakiki wanaosikitika kwamba bendi ilikatwa katikati ya ubora wake, na naelewa wanachokililia, maana Vs. inaacha njaa. Sikubaliani nao. Lau Miller angekubali kusukumwa mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya mashabiki, huenda tungepata albamu nyingine moja ya 1984, na tungekosa zile nne, na piano, na miaka yote ya filamu za kale. Alisikiliza mwili wake wakati watu wa rika lake waliona aibu hata kuvaa vizibo. Bendi ilitangazwa kuisha kabisa mwaka 2020.

Anayetaka kuwajua aanze na Signals, Calls, and Marches, kisha aende Vs. akiwa ameshazoea milio ya Swope. Na kwa vijana wetu wanaopiga kwenye bendi, wanaosimama kila wikendi mbele ya maspika ya harusi na kumbi za starehe: vizibo vya masikio vinauzwa kwenye duka la dawa. Nunueni kabla mlio haujaanza.